Msimu Mmoja, Timu Moja

Mwaka 2009, mvua za vuli zilipoanza kulaza vumbi la Korogwe, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na nilikuwa kidato cha pili. Najua kwamba huo si umri wa kidato cha pili. Niliingia darasani kwa mara ya kwanza mwezi Januari 2003, pale kwetu Misima, wilaya ya Handeni, katika darasa lililofunguliwa kwa ajili ya waliokosa shule. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na niliyekaa naye dawati moja alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kuandika tarehe kwenye kona ya ubao kabla ya kitu kingine chochote, na hakuna aliyeruhusiwa kushika penseli kabla ya kuisoma tarehe hiyo kwa sauti. Wenzangu waliichoka desturi hiyo. Mimi, niliyekuwa nimeishi miaka yote nikijua tu kwamba kuna kulima, kupalilia na kuvuna, niliipenda kuliko somo lenyewe. Tangu wakati huo sijapoteza tarehe ya jambo lolote kubwa lililonihusu.

Ninaandika haya nikiwa mjane. Mume wangu alifariki mwezi Juni 2021. Tulimzika kwa heshima zote, nikakaa eda, nikalia nilivyoweza. Hayo yana mahali pake. Hapa nataka kuandika habari za mchezaji mpira, kwa sababu nimeona magazeti yakiwasifu wachezaji wa timu kubwa tu, kana kwamba mpira wa nchi hii unachezwa katika uwanja mmoja wenye taa. Mume wangu alicheza miaka kumi na saba katika madaraja ya chini, kwenye viwanja ambavyo mchezo husimamishwa ili mbuzi wapite. Hakuonekana kwenye televisheni hata siku moja. Redio ilimtaja mara moja, tena bila jina, mtangazaji aliposema, "Beki wao wa kushoto ameokoa." Nilikuwa ninapepeta mchele, nikaumwaga wote. Ninajivunia sentensi hiyo mpaka leo.

Korogwe nilikaa kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa akipika chakula kwenye kibanda karibu na uwanja wa mpira. Mchana nilimsaidia jikoni, jioni nilikwenda kwenye masomo ya watu wazima. Wachezaji wa timu moja ya ligi ya mkoa walikula kwake, wali kwa maharage siku za kawaida, na siku ya Ijumaa bada, ugali wa muhogo ambao sisi Wazigua hatuwezi kukaa nao mbali wiki nzima. Kati yao alikuwapo mmoja ambaye wenzake walimwita Abiria. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mwenye miaka ishirini na saba, Msambaa wa Lutindi kule milimani, mtoto wa nyumba ya Kiislamu iliyoamka kila Jumapili kwa kengele za misheni. Walimwita Abiria kwa sababu kila msimu alikuwa katika timu nyingine. Walisema hata akiwa uwanjani, akisikia honi ya basi hugeuza shingo. Yeye aliwasikiliza akiwa anatafuna, kisha aliosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo shangazi aliliona kabla yangu na kulisema kwa sauti ili nami nilione.

Tulizungumza kwa kirefu kwa mara ya kwanza Alhamisi, tarehe 22 Oktoba 2009. Mvua kubwa ilivunja mazoezi, wenzake wakakimbia, yeye akabaki chini ya bati la kibanda. Nilimwuliza amechezea timu ngapi. Akasema tisa. Nikamwuliza ya kwanza aliichezea mwaka gani. Akatazama mvua, akafikiri, akanijibu, "Mwaka wa njumu za kushonwa."

Nilidhani ananitania. Haikuwa hivyo. Mtu huyu hakuwa na miaka. Alikuwa na viatu. Maisha yake yote ya mpira aliyahesabu kwa jozi za njumu. Zilikuwapo zile za kushonwa, alizotengenezewa na fundi viatu wa Mombo. Zilikuwapo nyeusi za mtumba, kubwa kuliko mguu wake, alizovaa na soksi tatu. Zilikuwapo za njano alizoachiwa na mchezaji aliyeacha mpira na kwenda kuendesha lori. Ukimwuliza lini alicheza Babati, atakwambia ni mwanzo wa zile nyeusi. Ukimwuliza lini aliumia goti, ni mwisho wa za njano.

"Za kushonwa zilikaa misimu mingapi?" nilimwuliza.

"Miwili na nusu. Zilipasukia Muheza."

"Wakati wa masika au vuli?"

"Masika. Nakumbuka maji yalivyokuwa yakiingia."

Hapo nikapata pa kuanzia. Siku baada ya siku, huku nikichambua maharage, nilimhoji kama karani wa sensa, nikaoanisha njumu na mvua, mvua na mavuno, mavuno na miaka. Kwanza timu ya wachuma chai kule juu kwao, mwaka 2000. Kisha timu ya shamba la mkonge huku bondeni. Kisha Muheza, Tanga mjini, Same, Babati, Singida, Kilosa, na sasa Korogwe. Nilipomaliza nilimsomea yote kwa mpangilio, kutoka kichwani, timu na mwaka wake, bila kukosea.

"Kumbe nimeishi," alisema.

Sijui kama mwanamke mwingine angetekwa moyo kwa maneno hayo mawili. Mimi nilitekwa.

Taratibu za kwetu zinajulikana. Mwanamume hajiposei. Hutumwa mshenga, mtu mzima mwenye maneno mazuri, akafuatana na mzee mmoja au wawili, wakabeba barua ya posa, wakaenda kukaa mbele ya wazee wa binti na kuzungumza kwa upole. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, na baba yake mdogo pale Lutindi alikuwa na miguu isiyoweza tena kuteremka mlima. Basi aliyemchagua kuwa mshenga alikuwa kocha wake, mtu wa miaka arobaini na sita, msema kweli, mwenye sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa uwanja. Alikuwa amewapeleka wachezaji wengi katika timu nyingi, na hakuona kwamba safari hii ilikuwa tofauti.

Walifika nyumbani Misima Jumapili, tarehe 14 Machi 2010. Nilikuwa jikoni na mama, nikisikiliza kupitia ukuta wa miti ambao udongo wake ulikuwa umebanduka sehemu ya kutosha. Kocha alivaa suti ya michezo na filimbi shingoni. Baada ya shikamoo na marahaba, baada ya habari za mvua na za mahindi, baba aliwauliza kwa adabu sababu ya safari yao.

"Mzee," kocha alisema, "tumekuja kufuatilia usajili."

Baba akauliza usajili wa nini. Kocha akaeleza kwamba wana kijana wao, beki wa kushoto, na kwamba amemwona binti wa nyumba hii na kuridhika na kiwango chake. Mama alinitazama. Nilitazama sufuria. Kocha, aliyefikiri kwamba ukimya wa baba ni dalili ya kuridhika, aliongeza kuwa kama wazee wana wasiwasi, hata kwa mkopo si vibaya kuanza nao, maana dirisha dogo la usajili lipo katikati ya msimu. Mzee aliyefuatana naye alianza kukohoa, na kukohoa huko hakukumsaidia mtu.

Baba yangu alikuwa mkulima, mtu wa maneno machache, na alikuwa mlezi wa timu ya kata yetu kwa miaka mingi, kwa hiyo alielewa kila neno alilosikia. Hilo ndilo lililokuwa baya. Alimwuliza kocha huyo kijana amechezea timu ngapi.

"Tisa, mzee," kocha alijibu kwa fahari, kwa maana katika kazi yao idadi hiyo ni uzoefu.

"Na zote ameziacha?"

"Zote isipokuwa yetu, mzee. Kwa amani kabisa."

"Aliyeacha nyumba nane kwa amani," baba alisema, "hata hii ya kwetu ataiacha kwa amani."

Hakuwafukuza. Aliwapa chakula, wakala, wakanawa. Kisha akawapa jibu lake. Kijana akae katika timu moja, msimu mmoja, kuanzia mechi ya kwanza mpaka mechi ya mwisho, asihame na asikosekane. Akiweza, warudi. Asipoweza, wasirudi. Na filimbi waiache huko huko.

Nilirudi Korogwe, nikamweleza shangazi jibu hilo. Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Alisema kaka yake hajawahi kukataa kitu kwa neno la moja kwa moja. Hata akikataa chai husema maji hayajachemka. "Amekupa mlango," aliniambia. "Mwembamba, lakini mlango." Mwenyewe aliyepewa sharti alilipokea bila manung'uniko. Alisema msimu mmoja si kitu. Alikuwa na njumu mpya, nyekundu, na alidhani zingemtosha.

Ligi ya mkoa ilianza Jumamosi, tarehe 18 Septemba 2010, siku chache baada ya Idi. Timu yetu, ninaiita yetu kwa sababu kufikia hapo ilikuwa imekwisha kuwa yangu, ilikuwa na mfadhili, mfanyabiashara aliyekuwa akigombea udiwani mwaka huo. Tulikuwa na jezi za bluu, mipira minne na gari la kwenda ugenini. Tulishinda, tukatoka sare, tukashinda tena. Nilianza kuhesabu mechi zilizobaki. Kisha ukafika uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba. Mfadhili wetu alishindwa. Wiki iliyofuata alikuja uwanjani na gari, akapakia jezi, mipira na hata nyavu za magoli, akaaga vizuri na kuondoka. Kabla ya mwezi kwisha, wachezaji kumi na watano walikuwa wamekwenda kwenye timu nyingine, na hakuna aliyeweza kuwalaumu.

Kanuni ya ligi ilikuwa wazi. Timu isiyofika uwanjani hufutwa, na timu ikifutwa msimu wake unakuwa kama haukuwapo. Sharti la baba halikusema lolote kuhusu mfadhili. Lilisema mechi ya kwanza mpaka ya mwisho.

Ndipo simu ikaja kutoka Singida. Timu yake ya zamani ilimtaka arudi wakati wa dirisha dogo, na safari hii ilikuwa imepanda daraja, ina chumba cha wachezaji na daktari wake. Alikuja kibandani kunieleza, akasimama bila kukaa. Nilijua anataka nimwambie abaki. Sikumwambia. Nilikuwa nimejifunza kusoma kwa ajili ya kuweza kuchagua mambo yangu mwenyewe, na niliona si haki nimnyime mwenzangu uchaguzi wake. Nilimwambia tu kwamba Singida alikwisha kuichezea, kuanzia Julai 2006 hadi mwisho wa 2007.

"Kwa hiyo naijua," alisema.

"Unaijua."

"Hii ya hapa, ya kukaa mpaka mwisho, siijui." Akakaa. Akaomba maji. Sikuzungumza tena habari za Singida, wala yeye.

Kanuni nyingine ya mpira ilituokoa: timu inaweza kucheza ikiwa na wachezaji saba. Pungufu ya hapo mwamuzi anavunja mchezo. Basi akaanza kukusanya saba. Alikuwapo yeye mwenyewe. Alikuwapo kipa, fundi uashi ambaye hakuhama kwa sababu alikuwa katikati ya kujenga nyumba ya mtu. Walikuwapo ndugu wawili kutoka shamba la mkonge, na kinyozi mmoja, na konda wa basi ambaye kila Jumamosi ilibidi shangazi amwombee ruhusa kwa dereva wake kwa kumpelekea sahani ya pilau. Hao ni sita. Wa saba alipokosekana, kocha alijisajili mwenyewe katika dirisha dogo lile alilolisifu kwa baba yangu. Alisema ni mara ya kwanza amewahi kumsajili mchezaji akijua kabisa hafai.

Jezi hazikuwapo. Lakini Korogwe nzima ilikuwa imejaa fulana za kampeni, na mtu ambaye fulana zake zilikuwa nyingi na za bure kuliko zote alikuwa mfadhili wetu wa zamani. Tulizikusanya saba, tukazigeuza ndani nje, ili picha ya uso wake ikae upande wa kifua cha mchezaji na isionekane. Namba nilizichora mimi mgongoni kwa rangi nyeusi ya mafuta. Nilichora namba tatu ya beki wangu kwa uangalifu mkubwa kuliko nilivyowahi kuchora kitu chochote katika mtihani. Jua likiwa kali na jasho likiwa jingi, uso wa mfadhili ulianza kuonekana kwa kupitia kitambaa, na watazamaji walituuliza kwa nini tunacheza watu kumi na wanne.

Tulifungwa. Sina haja ya kuficha. Tulifungwa tano, tukafungwa sita, siku moja ya baraka tukafungwa mbili tu kwa sababu mvua iligeuza uwanja kuwa jaruba. Lakini tulifika. Kila Jumamosi mwamuzi alipoita timu, saba walitoka. Na jambo la ajabu lilitokea, watu walianza kuja kutuangalia. Walikuja kucheka kwanza. Kisha walianza kutushangilia tukipata mpira wa kurusha, na tulipopata kona siku moja, kibanda cha shangazi kilibaki bila mteja hata mmoja, chakula kikiwa mezani. Jina la Abiria lilikoma lenyewe. Sikumbuki aliyeliacha kwanza, na ni kati ya vitu vichache ambavyo sina tarehe zake.

Mechi ya mwisho ilikuwa ugenini, Handeni mjini, Jumamosi, tarehe 29 Januari 2011. Shangazi alifunga kibanda, tukaenda sote kwa gari la mazao. Uwanja ulikuwa mkavu na mgumu, watu ni wengi. Kipindi cha kwanza hakijafika nusu nikamwona baba. Alikuwa amesimama nyuma ya goli letu, amevaa kanzu yake ya safari na kofia, na begani ana mpini mpya wa jembe. Nilimwonyesha shangazi. Shangazi akatabasamu, akasema tumwache, tusimsogelee, asije akajua kwamba tumemwona.

Mpaka mapumziko tulikuwa tumefungwa nne. Katika kipindi cha pili tukafungwa ya tano na ya sita, lakini muda ulikuwa unakwenda, na muda ndio tuliokuwa tukiuchezea. Beki wangu alikuwa kila mahali. Alikimbia kushoto, akakimbia kulia, akaruka kupiga kichwa, akapiga mpira mbali hadi ukaingia kwenye duka la vifaa vya baiskeli, akashangiliwa. Kisha kocha akaanguka. Misuli ya mguu ilikuwa imemkaza. Alilala katikati ya uwanja, mikono ameitandaza, akitazama mawingu.

Kila mtu pale alikuwa anaijua kanuni. Kocha akitoka, wanabaki sita, na mchezo unavunjika. Mwamuzi alikwenda kumtazama. Mimi nilishika mkono wa shangazi, nadhani niliuumiza.

Beki wangu alimwomba mwamuzi ruhusa ya kubadilisha kipa. Ruhusa ikatolewa. Akambeba kocha mgongoni, akampeleka golini, akamsimamisha. Fundi uashi akatoka kuwa mchezaji wa ndani, kocha akavalishwa glavu na kuachwa ameshikilia mlingoti wa goli kwa mkono mmoja, kama mtu aliyedandia lori. Na nyuma ya mlingoti huo, hatua chache tu, alikuwa amesimama baba yangu na mpini wake.

Niliyaona yote, na maneno tulisimuliwa baadaye na pande zote mbili, bila kutofautiana.

"Mshenga," baba alimwambia kwa sauti ya chini. "Usianguke. Ukianguka wewe, na posa imeanguka."

Sasa, kocha yule alilelewa vizuri. Akisikia sauti ya mzee nyuma yake, tena mzee ambaye yeye anamwomba binti, hawezi kujibu akiwa amempa mgongo. Aligeuka, mlingoti mkononi, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba," baba alisema. "Tazama mbele."

Mpira ulikuwa umekwisha kupita. Ulikuwa wa polepole. Hata mimi ningeudaka. Ulipita karibu na mguu wake ulio mzima ukaingia golini, na hilo lilikuwa goli la saba. Uwanja ulilipuka kwa vicheko. Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka mbele ya watu, aliegemea mpini, mpini ukateleza, akakaa chini na kanzu yake ya safari, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kofia. Watu wa Handeni waliocheza dhidi yetu nao walikuwa wamekaa chini. Mwamuzi alipuliza filimbi akiwa bado anacheka, mchezo ukaendelea, na kuanzia hapo hadi mwisho, mashabiki wa wenyeji walikuwa upande wetu. Kila kocha alipoyumba walimwambia wote kwa pamoja, kwa heshima, asimame.

Hakuanguka. Filimbi ya mwisho ilipolia, beki wangu hakwenda kwa wenzake wala hakunitafuta. Alikwenda kwa mwamuzi.

"Mchezo umekwisha kihalali?" alimwuliza.

"Umekwisha."

"Na msimu?"

Mwamuzi akamtazama, fulana imegeuzwa, uso wa mtu mwingine unachungulia kifuani. "Na msimu pia, ndugu yangu. Kapumzike."

Akanyanyua mikono yote miwili, akazunguka uwanja akikimbia, saba bila, kama mtu aliyepewa kombe. Wale ndugu wawili wa mkonge walimfuata. Kinyozi akawafuata. Konda alikimbilia stendi, dereva wake alikuwa anapiga honi, na ninaapa kwamba beki wangu hakugeuza shingo.

Baba alikuwa ameondoka. Mahali alipokuwa ameketi palikuwa na mpini wa jembe.

Mpini huo kocha aliuchukua, na ndio uliompa sababu ya kurudi. Jumapili, tarehe 13 Februari 2011, alifika Misima akichechemea, akiutumia kama fimbo, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi na hana filimbi. Alifuatana na wazee wawili kutoka Lutindi waliokuwa na shuka za baridi mabegani ingawa jua la Misima lilikuwa linachoma. Mimi na shangazi tulikuwa tumefika tangu jana yake. Kocha aliukabidhi mpini kwa mikono miwili, akasema uliokotwa.

Baba akaupokea. Akasema alikuwa anautafuta. Alikuwa amekwenda Handeni mjini siku ile kuununua.

"Kaka," shangazi alisema kutoka mlangoni, "Misima imeishiwa na miti?"

Wazee wa Lutindi wakatazama chini. Baba aliuchunguza mpini kwa muda mrefu, akasema wa mjini ni mnyoofu zaidi.

Safari hii kocha alizungumza kama mshenga anavyopaswa kuzungumza. Aliomba, hakufuatilia. Alitaja nyumba ya Lutindi na wazee wake, akataja sharti lililowekwa, akasema limetimizwa na shahidi anajulikana. Baba hakuuliza shahidi ni nani. Mambo ya mahari yalisemwa kwa sauti ndogo yakakubaliwa. Kisha nikaitwa. Kwetu binti huitwa, akaulizwa mbele ya wote kama anawafahamu wageni hawa na aliyewatuma. Anayelelewa vizuri hujifunika khanga, huinamisha macho, husema ndiyo mara moja, hurudi ndani.

Nilijifunika, nikapiga magoti, nikawaamkia. Baba akaniuliza kama ninamfahamu aliyewatuma.

Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo. Lakini nilimkumbuka yeye chini ya bati la kibanda, na maneno yake mawili, na nikaona kwamba jibu fupi lingekuwa uongo. Nikasema ninamfahamu. Nikasema mwaka 2000 alicheza na wachuma chai. Nikasema aliteremka kwenda timu ya mkonge mwaka 2001, akaenda Muheza masika ya 2002, Tanga mjini 2003, Same 2004, Babati 2005, Singida kuanzia Julai 2006 hadi mwisho wa 2007, Kilosa 2008, Korogwe 2009. Mama alinivuta khanga kwa nyuma. Sikunyamaza. Nikasema kwamba kuanzia tarehe 18 Septemba 2010 mpaka tarehe 29 Januari 2011 alikuwa katika timu moja, na hakukosa mechi.

Kuku walikuwa wakichakura nyuma ya jiko. Mzee mmoja wa Lutindi alimwuliza mwenzake kwa Kisambaa kitu ambacho sikukisikia vizuri, wakacheka kwa koo.

Baba alimgeukia kocha. Alinyoosha mgongo kama afanyavyo akitoa hukumu ya mipaka ya mashamba.

"Mwalimu," alisema, "tumekubali. Lakini mfahamu, huyu hatumtoi kwa mkopo."

"Tumefahamu, mzee."

"Na dirisha dogo kwetu halipo."

"Halipo kabisa, mzee," kocha alisema.

"Vizuri. Na huyo beki, msimu ujao timu ya kata ina nafasi upande wa kushoto."

Mama alipiga kigelegele cha kwanza, shangazi akapiga kilichokizidi. Fatiha ikasomwa. Mzee aliyepewa kazi ya kuandika jibu la posa aliweka karatasi juu ya goti, akafungua kalamu, akauliza leo ni tarehe ngapi. Watu wakaanza kutazamana na kuhesabu kwa vidole kuanzia Ijumaa.

"Msijisumbue," baba alisema. "Mwulizeni yeye."

Nikawatajia.